Ala ya upanga wa karne ya 13: dalili za kasoro na mahali zinapoanzia

Ala mbovu hujificha hadi siku ya mwisho. Mbao zimeshachongwa, gundi imekauka, ngozi imeshonwa na kupakwa rangi, na fundi anautia upanga wake kwa mara ya kwanza. Unaingia shibiri mbili kisha unagoma. Hapo wengi hushika patasi na kuanza kupanua mdomo, na mdomo hauna kosa lolote. Kilichouzuia upanga ni tone la gundi lililokaukia nusu mita chini yake. Mdomo ukishapanuliwa, ala inabaki na magonjwa mawili badala ya moja.

Kwa hiyo hapa ninaanza na dalili, halafu narudi nyuma hadi kwenye hatua iliyoizaa. Ala ninayoizungumzia ni ya Ulaya ya magharibi, takriban kati ya mwaka 1150 na 1350, ya upanga wa mkono mmoja wenye makali pande zote mbili: ubapa wa sentimita 75 hadi 85, upana wa kama sentimita 5 karibu na mpini, uzito wa kilo moja na kidogo. Mbao mbili nyembamba huukumbatia ubapa kama maganda ya kunde yanavyozikumbatia punje. Ndani kuna bitana ya sufu au ya ngozi ya kondoo yenye manyoya mafupi. Nje ya mbao hugandishwa kitambaa cha kitani, na juu ya kitani huvutwa ngozi nyembamba inayoshonwa ikiwa imelowa. Kisha hufuata kofia ya shaba au chuma kwenye ncha, na mkanda karibu na mdomo.

Ukitaka kuona kazi ya mafundi wenyewe, kaburi la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme wa Castilla aliyefariki mwaka 1275, lililoko katika monasteri ya Las Huelgas mjini Burgos, Hispania, lilihifadhi upanga pamoja na ala na mkanda wake. Kwenye kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, ala ya Edward, mwana wa mfalme wa nchi hiyo aliyefariki mwaka 1376, imebaki ingawa upanga wake haupo tena. Ala ilidumu kuliko chuma ilichokibeba, jambo ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Kabla ya dalili yoyote, shika kanuni moja, maana nusu ya kasoro zilizo hapa chini zinatokana na kuivunja. Ala hushika upanga kwa mdomo. Sentimita nne au tano za juu ndizo zinazobana; kuanzia hapo kwenda chini ubapa upumue, uguswe na sufu tu. Anayejaribu kuubana upanga kwa urefu wake wote atapata ala inayokwama asubuhi na kulegea jioni.

Upanga unakwama kabla ya kufika mwisho

Pima kwanza unakwama wapi. Bandika utepe wa karatasi kwenye ubapa palipo na mdomo wa ala, chomoa, pima kutoka utepe hadi ncha. Fanya hivyo mara tatu. Upanga ukigoma mahali palepale kila mara, ndani kuna kitu kigumu. Ukigoma mahali tofauti kila mara, bitana imeachia na inajikunja mbele ya ncha kama mkeka unaosukumwa na mlango. Na kama unaingia kwa uzito unaoongezeka polepole tangu mwanzo, shuku maji: mbao zimekunywa unyevu wa gundi na wa ngozi iliyolowa, zikavimba, na nyuzi zake za ndani zikasimama.

Tiba ya maji ni subira. Ala iliyoshonwa jana isihukumiwe leo. Ilaze kivulini penye upepo, upanga ukiwa nje, kwa wiki nzima ukiwa Dodoma na kwa wiki mbili ukiwa Tanga au Mombasa wakati wa masika. Nimeona ala zilizokwanguliwa ndani siku ya pili baada ya kushonwa, na baada ya mwezi mmoja upanga ukawa unachezacheza humo kama mwiko ndani ya ndoo.

Kitu kigumu hutafutwa kwa chaki. Paka ubapa chaki ya ubaoni pande zote mbili, usukume hadi ugome, uuchomoe bila kuupindisha. Palipofutika ndipo panapogusa. Ikiwa bitana haijawekwa na mbao bado hazijaungwa, masizi ya mshumaa yanafaa zaidi, kwa sababu yanaacha alama nyeusi kwenye mbao yenyewe na unajua hasa pa kukwangua. Uvimbe wa gundi kwenye ala iliyokwisha fungwa huondolewa kwa ufito mrefu wa mwanzi uliobandikwa kipande cha msasa mkali kwenye ncha: piga mara kumi, jaribu upanga, piga tena. Ni kazi ya kuchosha mkono, lakini haiharibu chochote.

Uvimbe huo haukupaswa kuwepo. Gundi ipakwe kwa mstari mwembamba kwenye kingo tu, ikiacha milimita mbili kabla ya tundu la ndani, kwa sababu vibanio vikikazwa itasogea yenyewe. Kisha, ubapa ukiwa umesuguliwa nta ya nyuki, utiwe na kutolewa kila baada ya dakika kumi hadi gundi ishike. Dakika hizo ndizo watu huziruka, wakaenda kunywa chai.

Bitana inayojikunja ina sababu mbili. Ya kwanza ni kubandikwa kwa vidoa vya gundi hapa na pale badala ya eneo zima. Ya pili ni mwelekeo wa manyoya. Manyoya ya kondoo yana ulalo, kama ya paka: ukipapasa upande mmoja yanalala, ukipapasa kinyume yanasimama. Yalale kuelekea ncha ya ala. Hivyo upanga unaingia kwa ulaini, na unapotoka manyoya yanasimama kidogo na kuushika. Ukiyageuza, upanga unaingia kwa shida na kutoka kwa urahisi, kinyume kabisa cha unachotaka. Urefu wa manyoya usizidi milimita tatu au nne. Yanyoe kwa mkasi kabla ya kubandika.

Je, kama upanga umeingia wote na sasa hautoki? Usipige kikingio, kile chuma cha mkingamo kinacholinda mkono, kwa nyundo. Na usiizungushie ala vidole huku ukivuta: ubapa mkali unaweza kupasua muungano wa mbao na ngozi, na makali yakatokea kiganjani. Shika ala kwa nyuso zake bapa, kamwe si kwa kingo. Ifunge kwenye jiliwa ukiwa umeizungushia blanketi, vuta mpini moja kwa moja bila kuutikisa kulia na kushoto. Ukikataa, iache mahali pakavu siku mbili. Mara nyingi siku ya tatu unatoka.

Ala ikipinduliwa upanga unaanguka

Hii ni kasoro ndogo kuliko inavyoonekana, mradi usikimbilie kukaza ala nzima. Angalia mdomo tu. Chukua kipande cha ngozi nyembamba sana, upana sentimita tatu, kipunguze kingo zake kwa kisu hadi ziishe bila ngazi, kisha kibandike ndani ya mdomo upande mmoja wa bapa. Jaribu. Kikitosha, acha. Usibandike upande wa makali, maana kitakatwa wiki ya kwanza.

Kipimo changu ni hiki: ala ikipinduliwa polepole, upanga ubaki, ikitikiswa mara moja kwa nguvu, uanze kushuka. Zaidi ya hapo unajitengenezea tatizo la kuuchomoa.

Kama mdomo unabana vizuri lakini unasikia kugonga ndani unapotembea, sehemu ya ncha ni pana mno. Chanzo ni kuchonga kwa kufuata mchoro badala ya kufuata upanga wenyewe. Panga za kuchongwa kwa mkono hazilingani pande zote mbili, na hata za kiwandani hutofautiana. Laza ubapa juu ya mbao, uchore kwa penseli iliyochongwa kali, ugeuze, uchore upande wa pili kwenye mbao ya pili, na uandike juu ya kila ubao ni uso upi. Ala ya upanga mmoja haiendi na upanga mwingine. Kwa ala iliyokwisha fungwa, kipande cha sufu kilichosukumwa hadi chini kwa ufito, kikiwa na gundi kidogo, hupunguza kelele, ingawa hakirudishi kazi kuwa nzuri.

Kutu kwenye ubapa

Hapa ndipo nakaa zaidi, kwa kuwa kasoro nyingine huharibu ala, na hii huharibu upanga.

Soma kutu kabla ya kuisugua. Iko wapi na ina umbo gani? Madoadoa yaliyotapakaa ubapa mzima yanasema hewa ya ndani ina unyevu. Mstari mwembamba unaofuata makali yote mawili unasema chuma kinagusana na gundi ya muungano. Kutu ya sentimita chache karibu na mpini tu inasema maji au jasho huingia kwa mdomoni. Na kutu iliyoko upande mmoja wa bapa, huku upande wa pili ukiwa safi, inasema mbao mbili hizo hazikutoka kwenye mti mmoja, au moja iliwekwa ikiwa mbichi.

Mti wenyewe una lawama zake. Mafundi wa Ulaya walitumia miti kadhaa, ikiwamo popla na bichi, ambayo si mikali kwa chuma. Mwaloni nao ulitumika, lakini una asidi nyingi na mvuke wake hushambulia metali; ukiona mtu anapendekeza mwaloni kwa sababu ni wa Ulaya na wa kale, usimsikilize kwa ala ambayo upanga utakaa ndani yake miezi. Sisi tulioko Afrika Mashariki popla si rahisi kuipata, na si lazima tuwe nayo. Tafuta mti mwepesi, wenye nyuzi zilizonyooka, usiotoa utomvu, na uliokauka kwa muda mrefu. Mbao za grevilea zilizokaa kwenye banda la seremala mwaka mzima zimenifaa. Msonobari wenye utomvu uepuke: joto likipanda, utomvu hutoka na kuubandika ubapa. Jaribio rahisi ni kulaza msumari uliosuguliwa ukang'aa kati ya vipande viwili vya mbao hiyo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa wiki tatu. Msumari utakuambia.

Gundi nyeupe ya seremala ina nguvu, lakini hutoa uchachu, hasa kabla haijakauka kabisa. Gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ndiyo ya kale, na ina sifa ambayo siku ya matengenezo utaishukuru: maji ya moto huilegeza, ukaweza kufungua ala bila kuivunja. Udhaifu wake ni huohuo. Ala ya gundi ya ngozi ikinyeshewa mvua ya saa moja bila nta ya kutosha juu yake, itaanza kuachana.

Bitana nayo ichunguzwe. Sufu halisi ina mafuta ya kondoo ambayo hukinga chuma, na ndiyo maana ilipendwa tangu zama za kabla ya panga hizi. Lakini mablanketi mengi yanayouzwa kama sufu ni plastiki. Choma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, plastiki huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Blanketi la plastiki halina mafuta ya kukinga chochote, na jasho linaloingia kwa mdomoni hubaki limekaa juu ya chuma. Ngozi ya kondoo nayo isiwe ile iliyokaushwa kwa chumvi bila kudibaghiwa vizuri, yaani bila kutiwa dawa ya kuifanya isioze. Chumvi iliyobaki huvuta maji kutoka hewani, na karibu na bahari hewa hiyo haikosi maji hata siku moja.

Kwa kutu ya mdomoni kuna tiba nzuri ambayo mafundi wa wakati ule waliijua. Katika michoro na sanamu nyingi za karne ya 13 hadi ya 15 utaona kipande cha ngozi kimefungwa kwenye mpini chini ya kikingio, kikiufunika mdomo wa ala kama kofia ndogo. Kazi yake ni kuzuia mvua. Kikate kwa umbo la majani mawili yaliyoungana, kipindishe juu ya kikingio kabla ya mpini kufungwa ngozi yake, na tatizo limekwisha.

Jambo la mwisho kuhusu kutu halipendezi kulisikia baada ya kazi ya miezi miwili. Ukiwa pwani, usihifadhi upanga ndani ya ala. Ala ni ya kuuvalia. Nyumbani upanga ukae nje, umepakwa mafuta membamba, na ala ikae kando yake, mdomo wazi.

Madoa meusi kwenye ngozi

Umelowesha ngozi, umeishona vizuri, na asubuhi unakuta alama za vidole, duara la koleo, na mstari wa kibanio, vyote vyeusi kama wino. Na ni wino kweli. Ngozi iliyodibaghiwa kwa magome ya miti ina tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome hayo; chuma kikiigusa ikiwa imelowa, viwili hivyo huungana kuwa rangi nyeusi isiyotoka kwa maji. Watawa walioandika vitabu vya Ulaya enzi hizohizo walitengeneza wino wao kwa njia hiyohiyo, wakichanganya vivimbe vya mwaloni vyenye tanini na chumvi ya chuma. Chembe za kutu zilizo mikononi mwako baada ya kupiga tupa zinatosha kuandika.

Madoa mapya hufifia kwa maji ya limau. Paka limau eneo zima la ngozi, si doa peke yake, usije ukabaki na baka jeupe palipokuwa na baka jeusi. Acha dakika tano, osha kwa maji safi, rudia. Doa likiwa la siku nyingi, limau halitoshi. Basi igeuze ajali kuwa rangi. Tumbukiza misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki moja, ichuje, paka ngozi yote. Itageuka kijivu, kisha nyeusi kabisa mbele ya macho yako. Osha vizuri baada ya hapo kwa maji yenye magadi kidogo, kwa sababu siki iliyobaki hula ngozi polepole. Nyeusi hiyo ni ya kale na ni nzuri.

Kuzuia ni rahisi: vibanio vivalishwe vitambaa, meza ifagiliwe, mikono ioshwe, na upanga unaotumika kama kalibu ndani ya ala uzungushiwe plastiki nyembamba ya jikoni tangu ncha hadi mpini kabla ngozi haijaloweshwa. Plastiki hiyo inalinda pande zote mbili, ngozi isiingiwe na chuma na chuma kisiingiwe na maji.

Mshono haufungi, au unazunguka ubavuni

Mshono wa ala ya aina hii hupita katikati ya mgongo, upande unaolala kwenye paja. Kingo mbili za ngozi hukutana uso kwa uso bila kupandana. Sindano huingia juu ya ngozi, milimita tatu kutoka ukingoni, na kutokea kwenye unene wa ukingo wenyewe, kisha huingia kwenye ukingo wa pili na kutokea juu. Uzi ukivutwa, kingo zinasimama kidogo na kubanana. Tumia msharasi mwembamba, matundu yakiachana milimita nne au tano, na uzi wa kitani uliopakwa nta.

Kingo zikikataa kukutana, pima ngozi yako kabla ya kujilaumu. Ngozi ya mapochi na makoti, iliyodibaghiwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, haivutiki na kusinyaa inavyotakiwa. Tone la maji hubaki juu yake bila kuzama, na ukiikata, moyo wake mara nyingi una rangi ya kijivu au buluu. Ngozi ya magome hunywa tone hilo na rangi yake hukolea papo hapo. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwa kiapo kwamba ngozi yake ni ya magome, nikaishona, na ikakauka imelegea kama soksi. Tangu siku hiyo natembea na kichupa cha maji. Kwa Tanzania tuna bahati: magome ya miwati inayolimwa Njombe hutoa dawa nzuri ya kudibaghi, na ngozi yake ina wekundu ambao ukipakwa mafuta hukolea vizuri sana.

Unene uwe milimita moja hadi moja na nusu. Pima mzingo wa ala kwa uzi kila baada ya sentimita kumi, kisha kata ngozi ikiwa pungufu kwa milimita tatu au nne katika kila kipimo. Mzingo wa sentimita 11.5 unakatiwa ngozi ya 11.1. Ikiwa imelowa itavutika hadi ifike, na ikikauka itakaza kama ngozi ya ngoma. Ukikata sawasawa na mzingo, italegea. Ukipunguza kwa sentimita nzima, matundu yatachanika ukiwa katikati ya kazi, na hakuna kiraka kitakachoficha.

Mshono unaotoka katikati na kuelekea kwenye makali husababishwa na mkono mmoja kuvuta zaidi ya mwingine. Chora mstari wa penseli juu ya kitani, tangu mdomo hadi ncha, kabla ya kuvalisha ngozi. Anza kushona mdomoni, shuka, na kila baada ya mishono kumi igeuze ala uangalie kama mstari bado uko chini ya uzi. Ukiona umehama, ngozi ikiwa ingali imelowa, izungushe kwa viganja irudi. Ikishakauka, kwisha.

Wale wanaopenda kuweka michirizi ya kamba chini ya ngozi, ile mistari iliyoinuka inayozunguka ala, hulalamika kwamba haionekani. Ngozi yao ni nene mno, au hawakuibana. Mara tu baada ya kushona, zungushia uzi imara pande zote mbili za kila kamba, ukaze, uache hadi asubuhi. Ukiufungua, mstari umesimama.

Ala imepinda

Ubao mwembamba hupinda ukiloweshwa upande mmoja. Gundi ya bitana ndani, nje pakavu: asubuhi unakuta upinde. Lowesha nje kidogo pia kwa kitambaa, kisha weka ubao kwenye ubao mnene ulionyooka na uukaze hadi ukauke. Kinga bora ni kupasua ubao mmoja mnene uwe mbili kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, na kuunganisha nyuso zilizotazamana. Ubao mmoja ukitaka kupinda upande huu, mwenzake unapinda upande ule, na zinazuiana.

Kama ala imeshafungwa na imepinda kwa kiasi kidogo cha nusu sentimita hivi, na upanga unaingia, iache. Ukiirudisha kwa nguvu utafungua muungano. Ufa unaotokea kwenye kingo baada ya ala kuhamishwa kutoka pwani kwenda bara pakavu ni jambo jingine: mbao zimesinyaa na gundi imeshindwa. Kitani kilichozungushwa kwa gundi juu ya mbao ndicho kinachozuia ufa huo, na ndiyo hatua inayorukwa na wengi kwa sababu itafunikwa na ngozi na hakuna atakayeiona.

Neno kuhusu unene, kwa kuwa linahusiana. Ala nyingi za wanaoanza ni nene kama bomba la maji, kwa hofu ya kutoboa mbao. Ala za kale zilikuwa nyembamba, kuta zake milimita mbili au tatu, na kuelekea kwenye makali zilichongwa zikapungua, mkato wake ukafanana na jani. Nguvu ilitoka kwenye tabaka zilizogandishwa pamoja. Ukishaunga mbao, endelea kupiga randa nje bila woga mpaka ala iwe nyepesi mkononi. Ubao ukitoboka sehemu ndogo, kitani na gundi vitaziba.

Kofia ya ncha inachomoka

Ngozi ilisinyaa baada ya kofia kupimwa, au ncha ya mbao imechongwa kama msumari, kofia haina pa kushika. Pima kofia baada ya ngozi kukauka wiki moja. Ncha ya mbao ipite ncha ya upanga kwa sentimita moja, ili chuma kisigonge chuma. Kofia ishikwe kwa gundi ya utomvu na nta iliyopashwa moto, na kipini kimoja chembamba cha shaba upande wa nyuma, mahali usipopita ubapa. Ukiona ukoga wa kijani ukitoka kwenye shaba, ni mafuta ya ngozi yanaila shaba. Futa, kisha punguza mafuta unayopaka hapo, utumie nta tupu.

Upanga unaning'inia vibaya

Ukisimama ala inaning'inia wima na kukugonga goti, au ukitembea inageuka na kukupita nyuma kama mkia. Mkanda umefungwa mahali pamoja tu. Angalia sanamu za waasisi katika kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, zilizochongwa karibu mwaka 1250: mkanda una vipande viwili vilivyoungana na ala katika sehemu mbili, kimoja karibu na mdomo, kingine chini yake kidogo, na kati yao hupita ukanda wa mshazari. Sehemu hizo mbili ndizo zinazoamua pembe. Zikikaribiana, ala inasimama wima, zikiachana, inalala.

Fanya jaribio kwa kamba za katani kabla ya kukata ngozi ya mkanda. Vaa, tembea, panda ngazi, kaa kwenye stuli. Sogeza kamba ya chini sentimita moja kwa wakati. Upanga ukiwa na kirungu kizito kwenye mwisho wa mpini, utahitaji umbali mdogo. Ukiwa na ubapa mzito, umbali mkubwa. Kwa panga nyingi nilizofunga, sentimita 8 hadi 12 kati ya sehemu hizo zimetosha.

Ikiwa mkanda unateleza kushuka, usiongeze gundi. Kata mipasuo midogo kwenye ngozi ya ala, pitisha nyuzi za ngozi za mkanda chini yake, zisuke zikiwa zimelowa huku upanga uliozungushiwa plastiki uko ndani, kisha uiache ala imetundikwa kwa pembe uliyoichagua mpaka kesho yake.